Kuikimbia baridi ya Njombe: mwongozo wa safari ya wastaafu wawili kwenda Mtwara na Lindi

Kipupwe kinapoingia, na umande wa Njombe na Makete unapoanza kuganda juu ya majani alfajiri, wapo wastaafu wa Nyanda za Juu Kusini ambao hufunga nyumba zao kwa wiki kadhaa na kushuka pwani ya Mtwara na Lindi. Wengine hufikia kwa watoto wao waliopangiwa kazi huku, wengine hupanga chumba, na wachache hulala gesti. Sisi wenyeji tunaowapokea tumekwisha kuona kwamba likizo hii haiharibikii pwani, bali huharibikia barabarani: watu wawili wanaoteremka kwenye basi wakiwa na miguu iliyovimba, kiu ya siku nzima na ugomvi wa begi lililosahaulika Tunduru, hutumia wiki ya kwanza kuiuguza safari badala ya kuota jua. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye siku za njiani kuliko kwenye fukwe, na hesabu yake yote imejengwa juu ya kanuni moja, kwamba mwendo wa safari hupangwa na yule aliye dhaifu zaidi kati yenu wawili, hata kama mwenzake bado anapanda vilima vya Uwemba bila kuhema.

Hatua ya kwanza: chagueni wiki kabla ya kuchagua nyumba

Baridi ya Njombe hukaza Juni na Julai na huanza kulegea kuelekea mwisho wa Agosti. Katika miezi hiyo hiyo Mtwara na Lindi huwa kavu, kwa kuwa mvua za huku ni za msimu mmoja, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au mapema Mei. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, na mchana hukaribia 30. Mtawakuta wenyeji wamevaa masweta asubuhi huku ninyi mmevaa mikono mifupi; msiwacheke, maana mkija Januari watawacheka ninyi.

Msishuke kabla mvua hazijakoma. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo kadhaa, likiwemo la Somanga, na abiria walikwama njiani kwa siku nyingi. Kijana hulala ndani ya basi na kesho yake akasimulia. Mtu wa miaka 68 mwenye presha hapaswi kupewa mtihani huo.

Juni nayo ina usumbufu wake. Shule hufungwa mapema mwezi huo na kufunguliwa Julai, hivyo mabasi hujaa wanafunzi, na likizo hiyo ndiyo msimu wa jando na unyago katika vijiji na mitaa mingi ya Kusini, ambapo ngoma hupigwa hadi kunakucha. Anayependa ngoma atafurahi sana, na akialikwa aende. Anayetafuta usingizi aahirishe. Lindi mjini iepukeni kuanzia mwisho wa Julai hadi baada ya tarehe 8 Agosti ikiwa hamjaweka nafasi, kwa sababu maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo na vyumba vyote huchukuliwa. Mkichelewa hadi Oktoba mtakutana na minada ya korosho, wanunuzi na madereva wa malori kila gesti, na kwa vyovyote baridi ya kwenu itakuwa imekwisha. Wiki ninazopendekeza mimi ni zile zinazoanza katikati ya Julai.

Liko jambo moja ambalo watu wa bara hawaambiwi. Mikorosho huanza kuchanua katika kipindi hicho hicho, na wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Kazi hiyo hufanywa zaidi alfajiri, wakati upepo umetulia, na vumbi lake huwasha macho na kukera koo na kifua. Mmoja wenu akiwa na pumu, msipange nyumba iliyozungukwa na mikorosho, hata ikiwa nzuri na ya bei nafuu namna gani. Kaeni mjini au ufukweni, ambako upepo wa kusi unavuma kutoka baharini. Na siku ya kuja, mnapopita kati ya Masasi na Mtwara, fungeni dirisha.

Hatua ya pili: kliniki, wiki tatu kabla

Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na Mtwara ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi. Mtu aliyeishi miaka mingi kwenye baridi hana kinga ya mwili waliyo nayo watu wa huku, kwa hiyo homa ambayo jirani yetu anaitembeza sokoni inaweza kuwalaza ninyi hospitalini. Mwulizeni daktari kama hali zenu zinahitaji dawa za kinga, na kwa vyovyote vile njooni na chandarua chenu chenye dawa, kikubwa cha kutosha kitanda cha watu wawili, kwa sababu cha gesti mara nyingi kina tundu ambalo mbu wote wa mtaa wanalijua.

Dawa za kila siku zichukueni za kutosha siku zote za likizo pamoja na wiki mbili za ziada, na mzigawe katika mifuko miwili: nusu kwenye begi la mkononi la mama, nusu kwenye la baba. Zisiwekwe kamwe kwenye buti la basi. Andikeni kwenye karatasi majina ya dawa, kipimo, na saa ya kumeza, maana mhudumu wa afya asiyewafahamu hawezi kufanya lolote na maelezo ya “kile kidonge cheupe cha asubuhi”.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ana kazi ya ziada. Kichupa kilichokwisha kuanza kutumika kwa kawaida hustahimili takriban wiki 4 katika joto lisilozidi nyuzi 30, ingawa maelezo ya karatasi yake ndiyo ya kufuata, lakini ndani ya basi lililosimama juani Tunduru joto hupita hapo. Ivingirisheni katika kitambaa kilicholowanishwa, ndani ya chupa ya chai tupu isiyo na kitu cha moto, na muishike mapajani. Mkifika, ikiwa umeme unakatika, chungu kilichowekwa ndani ya beseni la mchanga mbichi kwenye kivuli hufanya kazi nzuri.

Wale wanaomeza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo wamwulize daktari mapema saa gani wavimeze siku ya safari. Swali hili watu wazima huona haya kuliuliza, kisha njiani wanaamua wenyewe kuacha dawa ili wasisumbue basi, na presha inapanda kabla ya kufika Masasi. Mzee mwenye tezi dume naye amweleze daktari kwamba atakaa kwenye basi kwa muda wa saa nane au tisa.

Mwisho, hakikisheni kadi za bima ya afya ziko hai. Mstaafu aliyekuwa mwanachama mchangiaji wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na kutimiza masharti huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, lakini kadi yenye kasoro haigunduliki mpaka siku unapoumwa. Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi kuna ya Sokoine. Njiani mtapita karibu na hospitali za misheni za Peramiho, Ndanda na Nyangao, na si vibaya kuzijua kwa majina kabla hamjazihitaji. Kama uhakiki wenu wa pensheni unaangukia katika wiki za likizo, umalizeni kabla ya kuondoka.

Hatua ya tatu: pa kufikia

Kufikia kwa mtoto ni rahisi kwa fedha na ni gharama kwa mambo mengine. Nyumba ya kijana mwenye vyumba viwili na watoto watatu hubanwa na wageni wa mwezi mzima, na mkwe hawezi kusema. Ushauri wangu ni kufikia kwake siku mbili tatu za kwanza kwa heshima, kisha kuhamia chumba chenu kilicho karibu naye, ambako wajukuu watakuja wakati mnapowataka.

Anayepanga atakutana na dalali, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, huku mwenye nyumba akidai miezi mitatu au sita. Kwa wiki sita za likizo hesabu hiyo haina maana. Tafuteni nyumba ya wageni inayokubali bei ya mwezi, au mtumieni mtoto, ndugu, au mtu wa kanisani au msikitini kwenu mwenye jamaa huku azungumze na mwenye nyumba moja kwa moja. Msitume fedha kwa simu kwa chumba ambacho hakuna mtu wenu aliyeingia ndani yake na kukikagua.

Akienda kukagua, aulize haya: choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kiko ndani au uani, kuna ngazi ngapi na zina kishikio, maji hutoka kila siku au kwa zamu, na ni ya chumvi au matamu, madirisha yana nyavu, kuna baa au ukumbi wa harusi ng'ambo ya ukuta. Swali la choo lisionewe haya. Goti linalouma huamua mambo mengi kuliko mandhari ya bahari.

Kuhusu mahali, Shangani mjini Mtwara pana bahari na huduma kwa pamoja. Mikindani, takriban kilomita 10 kabla ya kuingia mjini mkitokea Lindi, ni mji mkongwe uliotulia, na ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Boma la Wajerumani la 1895 lililopo juu ya kilima siku hizi ni hoteli. Lindi mjini ni kwa wasiotaka kelele kabisa. Popote mtakapofikia, siku ya pili nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mjitambulishe. Ni adabu, na ndiye atakayejua mlango wa kugonga usiku.

Hatua ya nne: njia

Njia ni mbili. Ya kwanza inapita Makambako, Iringa, Morogoro na Dar es Salaam, kisha Kibiti, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, Nangurukuru na Lindi. Ina mabasi mengi na ya kila daraja, lakini jumla yake inapita kilomita 1,200, na ina adha ya kubadili basi Dar es Salaam, ambako mabasi ya bara hushushia Mbezi na mengi ya Kusini hupitia Mbagala. Kulivuka jiji lile na mabegi, wazee wawili, saa za foleni, ni safari nyingine ndani ya safari. Inawafaa wale tu wenye mtu wa kuwapokea na kuwalaza Dar es Salaam, au wanaotaka kumalizia kwa ndege hadi Mtwara.

Ya pili ni ya Kusini: Njombe, Songea, Tunduru, Mangaka, Masasi, Mtwara. Ni kama kilomita 900, ina lami, na kwa umri wenu ndiyo bora, mradi isifanywe kwa pupa. Vijana huilala njia hii mara moja tu. Ninyi ilaleni mara mbili.

Siku ya kwanza ni Njombe hadi Songea, kama kilomita 240. Ni fupi lakini ina kona nyingi, hasa Lukumburu, na anayetapika kwenye gari ameze dawa yake kabla ya kuondoka, si baada ya kona ya tatu. Mtafika Songea mchana na kulala mapema. Stendi iko nje ya mji, hivyo chagueni: mlale karibu nayo kwa ajili ya alfajiri, au mkodi bajaji mtakayopatana nayo jioni ileile iwafuate kesho. Mimi naona kulala karibu na stendi kuna faida kuliko uzuri wa chumba cha mjini.

Siku ya pili ndiyo nzito: Songea hadi Masasi, takriban kilomita 460. Mabasi mengi huondoka alfajiri. Ikiwa mmoja wenu ana mgongo mbovu, mnaweza kuikata Tunduru na kuifanya safari iwe ya siku nne, hakuna anayewafukuza. Siku ya tatu, Masasi hadi Mtwara, ni kilomita kama 200, na mnaweza kuondoka baada ya kunywa chai bila haraka. Ulizeni basi linapita wapi: njia ya Ndanda, Nyangao na Mnazi Mmoja ndiyo iliyonyooka, na ile ya Newala na Tandahimba hupanda uwanda wa Makonde, ina mandhari ya ajabu ya bonde la Ruvuma, lakini iachieni siku ya matembezi. Wanaokwenda Lindi huchepuka Mnazi Mmoja.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku. Ruhusa hiyo haiwahusu ninyi. Kwa usiku mmoja wa gesti mnaouokoa mtalipa kwa siku tatu za kichwa kuuma, na dawa zinazomezwa kwa saa zitavurugika.

Wenye gari lao wafuate mgawo huohuo wa siku, dereva asipite saa mbili bila kusimama, na giza lisiwakute kabla hawajafika pa kulala. Uoni wa usiku hupungua na umri hata kwa asiyekubali.

Hatua ya tano: tiketi na siti

Kateni tiketi siku mbili tatu kabla, ofisini au kwa mtandao wa kampuni yenyewe, na kila tiketi iwe na jina la msafiri kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mpiga debe atakayewaambia kwamba basi lenu limeharibika na yeye analo jingine linaloondoka sasa hivi, mwitikieni salamu yake na mwendelee kutembea.

Siti huchaguliwa kwa mambo matatu. La kwanza ni jua. Katika kipupwe jua letu la Kusini liko upande wa kaskazini, na kwa kuwa kutoka Songea mnaelekea mashariki, upande wa kushoto, yaani wa mlangoni, ndio unaochomwa kutwa. Kaeni upande wa dereva. Hata kipande cha Njombe hadi Songea, kinachoelekea kusini, asubuhi jua litakuwa kushoto. Wakati wa kurudi mambo hugeuka, na upande wa mlangoni ndio wa kivuli. La pili ni tairi: siti iliyo juu ya tairi hutikisa mgongo na huna pa kunyoosha miguu, na benchi la nyuma kabisa ni baya kuliko hilo. La tatu ni njia ya kutokea: yule mwenye haja za mara kwa mara akae upande wa ujia, mwenzake dirishani, hata kama kwa miaka arobaini ya ndoa dirisha lilikuwa la mzee.

Hatua ya sita: mizigo

Mtu wa Njombe haendi ugenini mikono mitupu, na gunia la viazi mviringo ni zawadi inayopokelewa kwa vigelegele huku. Lakini gunia halibebwi na watu wawili wenye umri wenu mara tatu katika stendi tatu. Litumeni mbele kama kifurushi, mtoto alipokee Mtwara, nanyi msafiri na begi moja kila mmoja, lile mnaloweza kuliinua wenyewe hadi kiunoni. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, uacheni kwenu. Huendelea kuchachuka safarini, na kidumu kikifumuka ndani ya basi lililojaa, hata wanaoupenda watawageukia.

Kila begi liwe na utepe wa kitambaa cha rangi inayoonekana, jina na namba ya simu ya mwenyeji wenu. Mnapolikabidhi kwenye buti, pokeeni stakabadhi yake na muipige picha. Katika mkoba wa mkononi ziwemo dawa, vitambulisho, kadi za bima, maji, sabuni ndogo, karatasi laini, kanga mbili, na sweta. Kanga ni ya mama na ya baba pia, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua inayofuata.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Siku ya basi haina kazi nyingine yoyote. Msipange kupitia benki, kumsalimia ndugu Songea, wala kuchukua kifurushi cha mtu. Kila kitu kiwe kimefungwa usiku, na nguo ziwe tabaka tabaka: mtaondoka Njombe mkitetemeka na kufika Tunduru mkitafuta upepo.

Kuleni kidogo kabla ya kuondoka: chai, viazi au mkate, yai la kuchemsha. Maharage na maziwa ya mgando vinaweza kusubiri. Mwenye kisukari asipande basi bila chakula mkononi, maana kituo cha kula hupangwa na dereva wala si na tumbo lake. Vyakula vya kwenye sinia dirishani, hasa nyama na mayai yaliyomenywa, viacheni. Ndizi, machungwa mnayomenya wenyewe na karanga zinatosha.

Sasa suala la kuchimba dawa, ambalo kwa hakika ndilo linaloharibu safari nyingi za wazee. Mabasi mengi hayana choo, na basi husimama porini kwa dakika chache, wanaume huku na wanawake kule. Kwa kuogopa hilo wazee huacha kunywa maji tangu jana yake. Ni hatari: damu huwa nzito, presha huyumba, kichwa huzunguka, na mkojo uliokolea huwasha zaidi na kuleta haja ileile iliyokuwa inakimbiwa. Kunyweni maji, funda dogo kila nusu saa, si chupa nzima kwa mara moja. Chai na kahawa ndizo za kupunguza. Mnapopanda tu, mama au baba amwendee kondakta kwa upole na kumwambia: “Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nina dawa, nikikuomba msimame, naomba mnisaidie.” Akiambiwa mapema na kwa faragha, kondakta mara nyingi huwa mwema, akipigiwa kelele katikati ya pori huwa mkali. Kanga hapo ndipo inapofanya kazi yake ya sitara. Asiyeweza kabisa kuzuia avae pedi za watu wazima siku hiyo, zinauzwa kwenye maduka ya dawa ya mjini, na hakuna atakayejua.

Kila basi linaposimama, shukeni wote wawili mtembee, hata kama hamna haja. Mkiwa kitini, pandisheni na kushusha visigino mara ishirini kila saa, kwa sababu damu inayolala miguuni muda mrefu inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au kifua kikibana na pumzi kukatika, iwe njiani au siku kadhaa baada ya kufika, hiyo si ya kupaka mafuta ya mgongo. Ni ya hospitali saa ileile.

Gawaneni kazi. Mmoja ashike tiketi, fedha na simu yenye salio. Mwingine ashike mikoba na kuhesabu vitu kila mnaposhuka, kwa sauti. Fedha za siku hiyo ziwe mfuko wa mbele, nyingine mbali. Mnapokaribia pa kushukia, mpigieni mwenyeji mkiwa Mikindani, si mkiwa Masasi, asije akasimama stendi kwa muda wa saa tatu. Na mkichoka msijibizane. Maneno ya saa ya kumi jioni ndani ya basi yasihesabiwe kuwa ni maneno.

Hatua ya nane: mkifika

Siku ya kwanza ni ya kulala, kunywa maji na kupima presha. Mwenyeji atataka kuwatembeza. Mwambieni kesho kutwa.

Baada ya hapo pwani ni yenu. Jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ndilo zuri kwa viungo. Kusi huvuma kwa nguvu katika miezi hii na bahari huchafuka, hivyo safari za visiwani zifanywe asubuhi mapema, kwa chombo chenye maboya ya kujiokolea, au ziachwe. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mtaweza kutembea mbali juu ya mchanga. Vaeni yeboyebo, kwa kuwa miiba na matumbawe hukata nyayo, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni habari nyingine. Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyotangazwa mwaka 2000, inafaa siku moja nzima, na kuanzia Julai nyangumi hupita katika maji hayo, ingawa hawana ratiba. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ni mbali mno kwa kwenda na kurudi siku moja kutokea Mtwara. Mlale Kilwa Masoko au msiende.

Sokoni ombeni ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, chakula kitakachowashangaza, na pweza aliyepigwa vizuri akalainika, kwa ajili ya meno mliyobaki nayo.

Hatua ya tisa: kurudi

Rudini mwisho wa Agosti, kwa mgawo uleule wa siku. Korosho za kubeba ziwe zilizobanguliwa, za kula nyumbani. Korosho ghafi zina utaratibu wake wa minada, na mzigo wake ndani ya basi unaweza kuitwa kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya utaratibu, mkatumia mchana wenu wa Masasi kujieleza. Magamba ya kasa msiguse. Sweta liwe mkobani, si kwenye buti, kwa sababu mtaingia Njombe jioni na baridi haitakuwa imeondoka yote.

Kisha kwa miezi mitatu angalieni homa. Malaria iliyoingia mwilini siku za mwisho za likizo huanza kujionesha baada ya siku saba au zaidi, wakati mko nyumbani, na zahanati ambayo haioni malaria mara kwa mara inaweza kuidhani mafua ya baridi. Mmoja wenu akipata homa, kutetemeka au kuumwa kichwa, aende siku hiyohiyo, na neno la kwanza la kumwambia mhudumu, kabla hata ya kueleza anavyojisikia, liwe kwamba ametoka Mtwara, ili apimwe.